Uso wa Mkwe Kwenye Kadi ya Bima

Jumatatu, 10 Juni 2002

Nimeogopa tangu asubuhi. Nesi wa kliniki amempapasa Nyamizi tumbo, akapapasa tena, kisha akatoka nje na kuniita niingie. Mume haitwi ndani kwa habari njema. Akasema mtoto amekaa matako chini, nyonga za mama ni nyembamba, na hii ni mimba ya kwanza. Asipogeuka, ni kisu. Tukajifungulie hospitali ya misheni, ambako daktari wa upasuaji yupo wakati wote. Nikauliza kama kuna namna ya kumshawishi mtoto ageuke. Nyamizi akanifinya.

Upasuaji kwa misheni unalipiwa. Niliuliza bei. Afadhali nisingeuliza! Ni ng'ombe wawili wazima, na ng'ombe wote wa ukoo wetu walishakwenda Migato kwa baba mkwe, Mzee Mhoja, nilipomwoa Nyamizi. Siwezi kwenda kumwomba anirudishie wawili ili binti yake apasuliwe. Atauliza nimemfanya nini.

Lakini! Mimi ni karani wa masijala, mtumishi wa halmashauri. Tangu mwaka jana tunakatwa mshahara kwa ajili ya bima ya afya. Ofisi nzima inanung'unika. Mzee Shigela, mkuu wetu wa utumishi, anasema zamani walitibiwa bure wakapona, sasa tunalipa na bado tunaumwa. Mimi sinung'uniki. Nimekisoma kijitabu cha bima jalada hadi jalada. Kujifungua kumo. Upasuaji umo. Kitanda kimo. Mwenzi wa mwanachama yumo.

Kasoro ni moja tu. Fomu ya Nyamizi sijaipeleka. Nilikuwa nangoja tupate picha nzuri.

Jumatano, 12 Juni

Athanasi wa uhasibu amepata kadi zake. Ya kwake ameiweka mfuko wa shati, sura ikichungulia nje kama mtoto dirishani. Mkewe naye ni mjamzito. Alisimama mlangoni pa masijala akauliza kwa sauti ya mnadani: "Kristofa, bado tu? Sasa shemeji atajifungulia wapi, chini ya meza yako?" Wote walicheka. Hata Mzee Shigela, ambaye hachekagi.

Nyumbani mambo magumu zaidi. Nyamizi amesema hapasuliwi na mtu yeyote kama mama yake hayupo karibu. Mama yake naye ametuma salamu kutoka Migato kwamba mimba ya kwanza hujifunguliwa kwa mama, na kwamba kisu ni cha mbuzi.

Ningekwenda kumweleza mwenyewe. Siwezi. Kwetu Wasukuma mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na jina lake halitamki. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Mwaka juzi niliingia mimi. Ilikuwa miba.

Kwa hiyo nimetumia elimu. Mama mkwe anasumbuliwa na macho. Kijitabu kinasema wazazi wa mwenzi wanaweza kuandikishwa kama wategemezi. Nitamwandikisha mkwe! Atakuja Bariadi kutibiwa macho, atakaa kwetu, na siku ya Nyamizi ikifika atakuwa papo hapo. Hatajua kama ameletwa kwa ajili ya kisu.

Mpango mzuri mno. Nimeuandika hapa, nikaogopa, nikaukata kwa kalamu, nikauandika tena.

Jumamosi, 15 Juni

Fomu inataka picha ya kila mmoja. Nyamizi alipigwa leo kibandani kwa Salu, mpiga picha wa hapa stendi. Alivaa gauni la kanisani akakataa kutabasamu, kwa kuwa serikali haichekewi.

Salu anakwenda mnada wa Migato kesho kutwa. Nimempa kazi ya kumpiga mkwe. Nimemsisitizia aweke picha za Migato kwenye bahasha, aifunge, asinionyeshe. Aliuliza kwa nini, maana ni mtu wa Ukerewe, mwiko wetu haujui. Nilipomweleza alisema, "Lakini bwana, karatasi siyo mkweo." Nikamwambia kama karatasi siyo mkwe, basi serikali inaitaka ya nini?

Jina la mkwe kwenye fomu ameliandika Nyamizi. Niligeukia ukutani mpaka alipomaliza. Alisema picha pia angezibandika yeye. Nimekataa. Gundi ni ya ofisi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimebandika. Niandike ilivyokuwa wakati gundi bado iko vidoleni.

Nilikuwa na bahasha mbili mezani, ya Nyamizi na ya mkwe. Niliitoa picha ya mkwe nimefumba macho na kuilaza kifudifudi. Hapo nikaona si adabu mkwe alale kifudifudi huku binti yake akitazama juu. Nikamlaza na Nyamizi kifudifudi. Wakati huo huo Mzee Shigela akaingia kutafuta jalada. Nikazifagia zote mbili kwa kiwiko chini ya kitabu cha barua. Mzee akauliza naficha nini. Nikasema gundi. Akaondoka na jalada ambalo silo.

Nilipoinua kitabu, migongo miwili myeupe. Ipi ni ipi?

Mtu mwingine angegeuza moja akaona. Lakini kama ningegeuza ya mkwe? Ningemtazama usoni, ofisini, saa za kazi. Ningemwomba Athanasi anitazamie, na kesho yake hadithi ingefika Maswa.

Nikakumbuka. Salu alisema picha za Migato alizikata kwa mkasi butu. Basi ukingo wake utakuwa na meno! Nikafumba macho nikapapasa kingo kwa kidole gumba, taratibu, kama mfanyabiashara anayepima uzi wa pamba. Moja laini. Moja ina meno. Yenye meno nikaibandika kwa mkwe, laini kwa Nyamizi. Zote kwa gundi nyingi.

Nilifungia fomu kwenye bahasha, nikagonga muhuri, nikajisikia msomi.

Ijumaa, 26 Julai

Mkwe amewasili! Alikuja juu ya lori lililoleta pamba kutoka Migato, na kuku wawili na gunia la viazi vikavu. Ujumbe wa macho ulimwingia. Nyamizi alimpokea. Mimi nilimsalimia nikiwa nyuma ya choo. "Mwadila, mayu," nikamwamkia kama mama. Akaitikia kutoka upande wa pili wa nyumba, kwa sauti ya upole sana. Ana sauti nzuri. Sura sijui.

Athanasi amepata mtoto wa kiume. Mkewe alijifungua salama, kadi ikapokelewa, hakudaiwa kitu dirishani. Anatembea ofisini akieleza bima inalipa nini kana kwamba ameibuni yeye. Alisema inalipa hata uji. Nimefungua kijitabu. Uji haumo. Nilimwonyesha. Akasema mimi nasoma bima, yeye anaitumia.

Kadi zetu hazijafika.

Jumapili, 28 Julai

Nyumba yetu ni vyumba viwili na mlango mmoja. Sikulifikiria hili katika mpango.

Mkwe anapenda kukaa mlangoni akimenya karanga, kwa kuwa pana mwanga na macho yake hayaoni vizuri. Akikaa mlangoni siwezi kuingia. Akiwa ndani siwezi kukaa. Tangu Ijumaa napita dirishani. Leo baada ya misa nilikuwa nusu ndani nusu nje, nimevaa suruali yangu nzuri ya tergali, ndipo jirani yetu Mama Milembe akapiga yowe la mwizi. Watu walikuja na fimbo. Nilijitambulisha kwa miguu, kwa kuwa kichwa kilishaingia. Mmoja akasema anavitambua viatu, ni vya yule karani mwoga. Wakanisukuma ndani kwa heshima.

Mkwe alicheka ukumbini mpaka akakohoa. Kisha akamwambia Nyamizi kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo bila shaka nilikusudiwa niisikie, kwamba mume anayeingia dirishani kwa sababu ya heshima hatampiga mke.

Nimeguswa sana. Na suruali imechanika.

Jumanne, 6 Agosti

Kliniki. Mtoto hajageuka. Nesi amesema tusingoje uchungu ukolee ndipo twende misheni. Akatoa orodha ya vitu tunavyotakiwa kwenda navyo: glovu, nyembe, uzi, mpira wa kutandika, khanga safi, pamba ya hospitali. Nikasema kwa kujiamini kwamba sisi ni wa bima. Akasema bima ni bima na khanga ni khanga.

Nilikwenda duka la dawa kununua pamba. Nje malori ya wanunuzi yamejipanga hadi barabara kuu, robota kwa robota, kila kampuni na mizani yake, upepo unapeperusha pamba mpaka kwenye chai za watu. Ndani, kifurushi kidogo kimefungwa karatasi ya bluu, kimetoka nchi nyingine, bei kama ya kuku. Nilimwuliza muuzaji kama hii siyo ile ya pale nje iliyosafiri ikarudi. Akasema hata yeye amewahi kulifikiria hilo, na bei ni ile ile.

Nikafikiria kuokota ya nje na kuichemsha. Mkwe akamtuma Nyamizi aniambie ninunue ile ya bluu, niache ujanja. Amejuaje?

Jumatano, 7 Agosti

Kadi zimefika! Zimekuja na mfuko wa barua za ofisi, na mimi ndiye ninayefungua mfuko. Nilifungua bahasha, nikaona juu kabisa nusu ya kilemba na ukingo wa sikio la mwanamke mtu mzima. Nikafumba macho papo hapo. Nikairudisha bahasha ilivyokuwa na kuifunga kwa gundi na pini.

Adabu hiyo. Wangapi wangeweza?

Nyumbani Nyamizi alitaka kuzitazama. Nikasema zisichezewe, zikipata uchafu watazikataa. Nimezifungia kwenye sanduku, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya soksi.

Nikampitia Athanasi nyumbani kwake kumjulisha kwamba sasa tuko sawa. Alinipa mkono. Akaniuliza kama nimezihakiki. Nikasema mimi ni karani wa masijala.

Jumanne, 13 Agosti

Naandika benchini, hospitali ya misheni. Mwandiko mbaya. Nina bandeji mkononi.

Uchungu ulianza asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu. Nilitoka na povu upande mmoja. Pikapu ya mnunuzi wa pamba ilikubali kutubeba kwa bei ambayo haimo kwenye kijitabu. Nyamizi alikaa mbele na dereva. Mimi na mkwe nyuma, migongo tumeelekezana, tumeshikilia robota moja la pamba, yeye upande wake na mimi wangu. Kila shimo lilitugonganisha visogo. Kila mara tuliombana radhi.

Dirishani alikuwapo kijana anayeitwa Thomasi, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Nikatoa soksi. Nikatoa plastiki. Nikatoa bahasha. Nikageuza uso pembeni nikamwambia achukue mwenyewe kadi ya Nyamizi Mhoja.

Akaichukua. Akaitazama. Akamtazama Nyamizi, ambaye alikuwa ameshikilia nguzo anapumua kama mashine ya kuchambua pamba. Akaitazama tena.

Akasema, "Huyu siye."

Nikasema ndiye.

Akasema kadi inasema amezaliwa mwaka themanini, na picha ni ya bibi mwenye kilemba. Akachomoa kadi nyingine. Hii imeandikwa mwaka arobaini na tisa, na picha ni ya mama huyu anayeugua hapa. Akauliza, kwa utaratibu mzuri tu, ni yupi hasa anayekuja kujifungua.

Kidole gumba! Salu alikuwa na mkasi mmoja tu. Butu siku zote. Yenye meno na laini haikuwa hoja, ilikuwa bahati mbaya.

Thomasi akasema hawezi kupokea kadi ambayo sura siyo ya mgonjwa. Bima watairudisha. Tulipe taslimu kwanza, au twende tukarekebishe. Nikauliza kurekebisha huchukua muda gani. Akasema wiki kadhaa. Nyamizi akapiga kelele moja ndefu.

Hapo ndipo nilipopata mpango. Sijivunii. Nilimwinamia Nyamizi sikioni nikamwambia kwamba kuanzia sasa yeye ni mama yake, amezaliwa arobaini na tisa, ajibu hivyo. Picha ni yake, sivyo? Kadi yenye uso wake ipo! Nyamizi alifungua jicho moja akasema, "Kristofa, niondokee." Nikachukulia kama amekubali.

Nikampa Thomasi kadi ile ya pili. Nikasema tulikosea, mgonjwa ni huyu. Thomasi akachukua kalamu. Umri? Nikasema hamsini na mitatu. Mimba ya ngapi? Nikasema ya kwanza. Kalamu ikasimama. Akamwita Sista Domitila, mkuu wa wodi ya wazazi, aje aone.

Sista alikuja anajifuta mikono. Akamwangalia Nyamizi, akaniangalia mimi na povu langu lililokauka. Akasema, "Hata Elisabeti wa kwenye Maandiko, aliyezaa uzeeni, ngozi yake haikuwa laini hivi. Kijana, unadanganya mbele ya msalaba huu?" Msalaba ulikuwa juu ya dirisha. Sikuwa nimeuona.

Nilianza kueleza. Masijala, kiwiko, gundi, kingo. Nadhani nilikuwa nalia. Nilisema sikuweza kutazama. Sista akauliza kutazama nini. Nikanyoosha kidole nyuma yangu bila kugeuka.

Mkwe alikuwa benchini, khanga imemfunika hadi puani, mgongo umetuelekea. Nikasikia benchi likilia. Akasimama. Akaja mpaka dirishani, akasimama mbele yangu, siyo pembeni, mbele. Akaishusha khanga.

Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, nitazame."

Sikuweza. Akanishika kidevu, upande wenye povu, akaniinua.

Nimeuona uso wa mkwe. Ni uso wa Nyamizi, ila umekaa juani zaidi. Jicho la kushoto lina ukungu. Anacheka hata asipocheka.

Akamgeukia Thomasi akajitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake. Akasema kwa Kiswahili chake cha Migato: "Sura yangu hii hapa, iweke kando ya picha. Yule anayelia ni mtoto wangu, iweke na yake. Aliyebandika ni huyu. Ana akili nyingi lakini hazikai mahali pamoja. Sasa mpokee mtoto wangu, karatasi mtabishana nazo baadaye, hazina uchungu."

Sista Domitila alimshika Nyamizi begani wakaingia ndani. Thomasi akaandika "amepokelewa" na kuniambia nilete barua ya mwajiri yenye muhuri, inayoeleza kosa. La sivyo nitalipa yote.

Mkwe akaridhia kisu kwa dole gumba. Hata kusoma hakusomewa. Akasema kama daktari ni wa mbuzi atamjua kwa mikono yake.

Kisha wakataka damu. Bima inalipa chumba, dawa na daktari, lakini damu hailetwi na bima, inatoka kwa ndugu. Nikajitolea. Nakumbuka sindano. Nakumbuka dari. Niliamka nesi ananipepea kwa jalada, na chupa haijafika hata nusu. Nikampigia Athanasi simu ya ofisini. Alikuja na baiskeli, anahema, hakuuliza, akakunja shati. Akatoa chupa nzima huku akisimulia habari za mwanawe. Damu ya Athanasi! Nitaisikia habari hiyo mpaka nitakapostaafu.

Alipomaliza alikunywa soda, akaniwekea mkono begani. Akasema aliogopa vile vile siku yake, alijificha nyuma ya tanki la maji. Sikujua.

Mlango umefunguka. Wananiita.

Jumatano, 14 Agosti

Ni binti! Anapumua. Nyamizi anapumua. Nimewasikiliza wote wawili, mmoja mmoja, kisha pamoja.

Mkwe amemshika mjukuu karibu kabisa na jicho lake zima, amemtazama kidole kwa kidole, amepata kwamba hakuna kilichopungua. Amesema daktari ana mkono mzuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Shigela na barua nimeichapa tayari. Sentensi moja ya kosa, aya mbili za toba. Aliisoma. Akavua miwani. Akauliza kwa nini sikugeuza tu picha nikatazama.

Nikamweleza.

Mzee Shigela alikwenda kufunga mlango, nikadhani nafukuzwa. Akasema mama mkwe wake wa Kimali, kule Meatu, amefariki mwaka jana akiwa na miaka mingi. Tangu amwoe binti yake hakuwahi kumwona uso. Siku ya mazishi alisimama nyuma ya zizi. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, uso wa mkwe ukoje.

Nikasema unafanana na wa mke.

Akasema alikuwa anafikiria hivyo. Akagonga muhuri, akagonga tena pasipohitajika. Halafu akavaa miwani na kuwa Mzee Shigela tena. Akasema nikirudia kubandika picha isiyo ya mtu kwenye fomu yoyote ya serikali, nitarudi kwetu kuchunga. Na ng'ombe sina.

Thomasi ameipokea barua. Hatudaiwi kitanda, kisu, wala dawa.

Jumapili, 18 Agosti

Mzee Mhoja alikuja kumwona mjukuu. Alikaa kwenye kiti changu. Akauliza ni kweli nimemtazama mke wake usoni hadharani, mbele ya watawa? Nikasema ni kweli. Akasema kuna faini ya mbuzi katika jambo hilo. Mbuzi jike, mwenye afya.

Mkwe, kutoka chumba cha ndani, akasema kwamba uso ni wake na aliufungua mwenyewe. Mzee akasema hata hivyo. Mkwe akasema basi na yeye amemtazama mkwe mwanamume, kwa hiyo Mzee naye atoe mbuzi wa upande wao, wabadilishane, mambo yaishe. Walibishana kwa Kisukuma muda mrefu, kwa raha dhahiri. Mwisho mbuzi ni mmoja. Wangu.

Nimekifungua kijitabu cha bima kifungu kwa kifungu. Glovu hazimo. Khanga haimo. Pikapu haimo. Mbuzi hayumo.

Na mtoto amepewa jina la bibi yake, kama ilivyo kwetu. Nimefurahi sana. Ila sasa nina binti ambaye jina lake siwezi kulitamka. Nilimwuliza Nyamizi nitamwitaje akitoroka barabarani. Akasema nitapiga mluzi.

Mkwe ataanza kutibiwa macho wiki ijayo. Bado napita dirishani. Amesema kuonana ni kwa hospitali, nyumbani ni nyumbani.

Ijumaa, 23 Agosti

Fomu za kurekebisha kadi tumezijaza. Nyamizi amebandika mwenyewe picha zake na za mama yake, kitandani, kwa mkono mmoja huku akinyonyesha. Zimekaa sawa. Akaniambia nisiguse kitu. Akarudia. Akanifanya niseme kwa mdomo: sitagusa kitu. Nimesema, na nilimaanisha.

Imebaki ya mtoto. Naye anatakiwa kuwa na kadi yake, na kadi inataka picha. Nyamizi amesema tungoje Salu arudi, ameenda Meatu kwenye harusi, hana siku ya kurudi. Nikakubali kwa moyo wote. Tungoje.

Lakini usiku mtoto alipiga chafya. Nikafikiria: akiumwa leo? Na bahasha ya ofisi inaondoka mchana huu, nyingine mpaka mwezi ujao. Nilipita kibandani kwa Salu, kuangalia tu. Mkewe alikuwapo. Ana boksi zima la picha ambazo wenyewe hawajazifuata. Akanipekulia. Kulikuwa na mtoto mchanga mmoja, safi kabisa, amelala, uso wa mviringo. Watoto wachanga wote wana uso ule ule. Hata mkwe alisema hivyo jana.

Safari hii nimekuwa makini. Sikupapasa. Nimeigeuza nikaitazama kwa macho yangu mawili, mbele na nyuma. Nyuma imeandikwa ni wa kiume.

Lakini amevaa kofia. Nimebandika.